Jinsi ya Kuandaa Orodha ya Albamu Bora za Roki Nzito za Mwaka

Orodha ya albamu bora za mwaka huanza kuandaliwa Januari. Anayesubiri Desemba ndipo aanze kukumbuka alichosikiliza huishia kutaja albamu za miezi mitatu ya mwisho, pamoja na majina mawili matatu aliyoyaona kwenye orodha za watu wengine. Kwa msikilizaji wa Dar es Salaam jambo hili lina umuhimu wa pekee, kwa kuwa wapenzi wa roki nzito mjini hapa ni wachache na wametawanyika, na redio zetu huupa muziki huu nafasi finyu sana. Orodha iliyoandikwa kwa uangalifu na mtu wa Tabata au Mbagala huenda ikawa ndiyo njia pekee itakayomfikisha kijana mwingine kwenye bendi ambayo asingeisikia kamwe. Kwa hiyo inastahili kufanywa kwa dhati. Mifano ya mwongozo huu nimeichota zaidi katika albamu za mwaka 2024, kwa sababu zimekwisha kusikilizwa vya kutosha na hukumu juu yake imetulia.

Weka mipaka kabla ya kusikiliza

Amua mapema ni muziki gani unaingia kwenye orodha yako na upi hauingii, kisha uandike uamuzi huo kwa sentensi moja. Bila mpaka, utajikuta Novemba unalinganisha vitu visivyolinganishika.

Kwangu mimi, roki nzito ni muziki unaotokana na chimbuko la Black Sabbath, bendi ya Birmingham, Uingereza, ambayo albamu yake ya kwanza ilitoka tarehe 13 Februari 1970. Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili na mashine akiwa kibaruani kiwandani, akajitengenezea vifuniko vya plastiki ili aendelee kupiga. Baadaye, katika albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971, alilegeza nyuzi za gitaa kwa nusu toni tatu katika baadhi ya nyimbo. Uzi uliolegea hauumizi sana vidole, na pia hutoa sauti nene zaidi, inayotikisika na kukaa hewani muda mrefu. Karibu kila kinachoitwa kizito leo kimepita hapo: Kyuss wa jangwa la California na albamu yao ya 1992, Blues for the Red Sun, Sleep na wimbo wao mmoja wa zaidi ya saa nzima, Dopesmoker, Electric Wizard wa Uingereza na Dopethrone ya mwaka 2000. Ukizifahamu albamu hizo chache kwa undani, utakuwa na kipimo cha kupimia kila kipya kinachokuja. Usianze kuorodhesha kabla ya kuzijua.

Sehemu ya pili ya mpaka ni uandagraundi, yaani muziki ulio nje ya soko kubwa. Judas Priest walitoa Invisible Shield mwaka 2024, nayo ni albamu nzito na nzuri, lakini bendi inayojaza kumbi kubwa duniani kote haihitaji nafasi katika orodha yako. Nafasi hiyo mpe anayetoa muziki kupitia lebo ndogo, yaani kampuni ndogo ya kutoa muziki, au anayejitolea mwenyewe. Wapo watakaopinga sharti hili, na wana haki ya kuweka lao. La msingi ni kwamba sharti liwepo na lifuatwe mwaka mzima bila upendeleo.

Tatu, hesabu mwaka kwa tarehe ya albamu kutoka. Siku uliyoigundua wewe haihusiki. Albamu za zamani zilizotolewa upya zipe orodha yao ya pembeni. Hili ni muhimu kwetu hasa kwa sababu ya roki ya Zambia. Mwaka 1975, mwaka uleule ilipokamilika reli ya TAZARA ya kilomita 1,860 kutoka hapa Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kule Zambia bendi ya WITCH ilitoa Lazy Bones!! na Amanaz wakatoa Africa, albamu zilizojaa magitaa yenye sauti ya mkwaruzo na uzito ambao hadi leo haujachakaa. Albamu hizo zimechapishwa upya, na kila mwenye kupenda muziki huu anapaswa kuzisikia, ila haziwezi kushindana na kazi mpya. WITCH waliporudi studio na kutoa Zango mwaka 2023, hiyo ndiyo iliyostahili kuingia kwenye orodha ya mwaka huo.

Daftari

Chukua daftari la kawaida, au fungua ukurasa kwenye simu, na kwa kila albamu andika tarehe iliyotoka, jina la bendi, mji inakotoka, lebo, urefu kwa dakika, kisha maneno machache ulipoisikia mara ya kwanza. Acha nafasi ya maneno mengine utakayoyaandika ukishaisikiliza kwa mara ya nne. Tofauti kati ya maandishi hayo mawili ndiyo itakayokuongoza kuliko kitu kingine chochote. Zipo albamu zinazokupiga kofi siku ya kwanza na kwisha nguvu kufikia siku ya tatu. Zipo nyingine zinazoonekana butu mwanzoni, halafu zinakaa kichwani hadi unajikuta ukiimba gitaa lake ukiwa foleni ya benki.

Faida ya daftari huonekana kwa albamu za mwanzo wa mwaka. Slift, bendi ya watu watatu kutoka Toulouse, Ufaransa, ilitoa Ilion mnamo Januari 2024. Ni albamu ya zaidi ya saa moja, yenye kasi ya ajabu na tabaka juu ya tabaka za gitaa, na kwa maoni yangu hazikuzidi albamu tatu katika mwaka mzima zilizoifikia. Hata hivyo, miezi kumi na moja ni mirefu, na yeyote aliyetegemea kumbukumbu pekee alikuwa na kila sababu ya kuiweka chini ya albamu dhaifu iliyotoka Oktoba.

Kutafuta na kununua

Njia yenye tija zaidi ni kufuata lebo, kwa sababu lebo ndogo ina mtu mmoja au wawili wenye masikio yao na msimamo wao. Ripple Music ya California na Heavy Psych Sounds ya Italia hutoa roki ya jangwani na ya mwendo wa pole kila mara. Nyege Nyege Tapes ya Kampala ndiyo iliyotoa albamu ya Duma, wawili wa Nairobi, mwaka 2020, na yeyote anayedhani kwamba Afrika Mashariki haina muziki wa kutisha aanzie hapo. Kila Aprili, tazama pia majina ya bendi zinazoalikwa kwenye tamasha la Roadburn mjini Tilburg, Uholanzi. Waandaaji wake wamekuwa wakikusanya bendi za namna hii tangu 1999, na orodha yao inaweza kukupa kazi ya miezi sita.

Tovuti ya Bandcamp ndiyo soko kuu. Unaweza kusikiliza albamu nzima kabla ya kuamua, na ukinunua unapakua faili lako na kubaki nalo. Kwa kawaida tovuti hiyo hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, lakini tangu Machi 2020 imekuwa na Ijumaa maalumu ambazo huacha makato yake, hivyo ukiwa na shilingi za kununua albamu moja kwa mwezi, zihifadhi kwa ajili ya siku hizo. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya mtandaoni inayofunguliwa kupitia akaunti ya pesa ya simu. Angalia tu kiwango cha kubadilishia dola na makato ya muamala kabla ya kubonyeza.

Kuhusu bando, hesabu ni rahisi. Albamu ya dakika 45 iliyobanwa kwa kiwango cha kilobiti 320 kwa sekunde huchukua takribani megabaiti 108. Ukiisikiliza mtandaoni mara nne, umelipa megabaiti 432 kwa kitu ambacho ungeweza kukipakua mara moja. Pakua usiku ikiwa mtandao wako una bando la bei nafuu la usiku, hifadhi kwenye memori kadi, na umeme ukikatika utakuwa na muziki wako kamili. Faili zisizopunguzwa ubora ni nzuri zaidi, lakini ni nzito mara mbili au tatu, na kwa vifaa ambavyo wengi wetu tunavyo, kilobiti 320 zinatosha kabisa kutoa hukumu ya haki.

Kusikiliza

Hapa ndipo orodha nyingi huharibikia, na kwa Dar es Salaam kuna mambo ya pekee ya kuzingatia.

Usitoe hukumu kwa spika ya simu. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutoa sauti ya takribani hezi 82 (mitetemo 82 kwa sekunde), ukilegezwa kwa mtindo wa Iommi hushuka hadi karibu hezi 69, na uzi mnene wa gitaa la besi hufika hezi 41. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti za chini kiasi hicho. Unachosikia ni sehemu ya juu ya sauti tu, kama mtu anayekwangua bati. Albamu ambayo uzuri wake wote umo chini utaidharau bila kosa lake.

Sabufa, ambayo imejaa katika nyumba zetu, ina tatizo la upande wa pili. Imetengenezwa ili besi itikise ukuta, na katika roki nzito gitaa na besi hukaa karibu mno, kwa hiyo sabufa iliyofunguliwa sana huzivuruga zikawa mvumo mmoja usio na umbo. Rudisha kitufe cha besi hadi katikati, au chini kidogo ya hapo, na usiweke sabufa kwenye kona ya chumba. Ukienda Kariakoo kununua spika, usikubali kujaribiwa kwa wimbo anaoupenda muuzaji. Nenda na wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza ya Black Sabbath kwenye simu yako. Unaanza kwa mvua, ngurumo na kengele inayolia kwa mbali. Katika spika nzuri matone ya mvua yanasikika yakiwa mbali na kengele, kisha gitaa linaingia kwa kishindo. Halafu sikiliza besi chini ya gitaa wakati wa ubeti: unapaswa kuweza kuifuata kwa kidole mezani. Ukishindwa kuifuata, mshukuru muuzaji na uende duka linalofuata.

Hedifoni za kawaida zinazofunika masikio ndizo chaguo bora kwa mwenye bajeti ndogo, na pia kwa anayeishi kwenye nyumba ya kupanga ambako ukuta mmoja unagawanya vitanda viwili. Jirani aliyerudi kutoka kazini usiku hana deni la kusikiliza ngoma za bendi ya Louisiana, Marekani. Muziki huu una adui wa kutosha; usiuongezee mwingine.

Ndani ya Mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni unaweza kuisikia albamu nzima kwa mara ya kwanza, na kwa kusudi hilo safari inafaa sana. Kwa hukumu haifai. Ngurumo za injini na watu hufunika sauti za chini, nawe utapandisha sauti bila kujua. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki, na kila sauti inapopanda, muda ulio salama hupungua kwa kasi. Masikio ndiyo kifaa chako kikuu katika kazi hii, na hayana fundi.

Jambo dogo ambalo wengi hulisahau ni feni. Pallbearer wa Arkansas, bendi iliyojulikana kwa magitaa mazito mno, walitoa Mind Burns Alive mwaka 2024, na sehemu kubwa ya albamu hiyo imeimbwa kwa upole, gitaa likidondosha noti moja moja na ukimya ukiachwa katikati. Feni ikiwaka, ukimya huo haupo, na albamu inaonekana imepooza. Isikilize alfajiri kabla ya joto, feni ikiwa imezimwa, na utasikia kwamba uzito wake umehamia kwenye sauti ya mwimbaji.

Nini cha kusikilizia

Anza na rifu, kile kifungu kifupi cha gitaa kinachorudiwa na kuubeba wimbo. Rifu nzuri hukufanya utake irudiwe tena, na rifu bora kabisa hubadilika kidogo kila inaporudi, ama ngoma zimehama, ama besi imekataa kuifuata. Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi tuna faida hapa. Anayejua kusubiri sebene, anayejua raha ya gitaa la solo kuzunguka palepale kwa dakika tano huku kila mzunguko ukiongeza joto, amekwisha kupata mafunzo ambayo wapenzi wengi wa roki wa nchi nyingine huyatafuta kwa shida.

Kisha tazama mpangilio wa albamu nzima. Sikiliza kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka, kwa sababu unaorodhesha albamu. Nyimbo mbili kali zilizozungukwa na sita za kujazia nafasi hazitoshi. Absolute Elsewhere, ya Blood Incantation kutoka Denver, iliyotoka Oktoba 2024, ina kazi mbili tu, kila moja ikiwa na sehemu tatu. Albamu ya namna hii ichoree ramani: andika dakika ambayo mngurumo wa sauti unakatika, dakika ambayo vinanda vya umeme vinaingia kwa utulivu, na dakika ambayo ngoma zinarudi kwa fujo. Walirekodi katika studio ya Hansa, Berlin, na katika sehemu ya pili ya kazi ya kwanza wakamwalika Thorsten Quaeschning wa Tangerine Dream, bendi ya Ujerumani ya muziki wa vinanda. Ukiwa na ramani hiyo utaweza kujibu swali lenye maana: je, yale mapito kutoka vurugu hadi utulivu yana sababu, au wamebandika tu vitu viwili? Jibu langu ni kwamba yana sababu, kwa kuwa kila utulivu huacha sauti fulani ambayo vurugu inayofuata huichukua na kuiendeleza.

Usiikatae sauti ya kunguruma kwa kuwa maneno hayasikiki. Ichukulie kuwa ala mojawapo, kisha usome mashairi pembeni. Thou wa Louisiana katika Umbilical wananguruma mwanzo hadi mwisho, na ukisoma mashairi yake unamkuta mtu anayejihoji kwa ukali kuliko mhubiri yeyote.

Nafasi ya Afrika

Huu ni msimamo wangu, na ninausema wazi: orodha ya roki nzito inayoandikwa Dar es Salaam bila kazi moja ya Afrika haijatafuta vya kutosha. Sisemi tupendelee ndugu. Nasema tusikilize karibu kabla ya mbali.

Mwaka 2024 Mdou Moctar wa Niger alitoa Funeral for Justice, akiimba kwa Kitamasheki juu ya madhila ya Wafaransa na ya watawala, na gitaa lake katika albamu hiyo lina mkwaruzo na kasi inayozidi bendi nyingi za metali, roki nzito iliyo kali zaidi. Wapo wanaoiweka kwenye kapu la muziki wa jangwa la Sahara na kuishia hapo. Isikilize kwa sauti ya kutosha, kisha uamue mwenyewe kama haistahili kukaa jirani na Slift.

Mwaka huohuo Lord Spikeheart wa Kenya, aliyekuwa mwimbaji wa Duma, alitoa The Adept, aliyoitoa kwa heshima ya bibi yake mkuu, Muthoni wa Kirima, aliyekuwa kamanda wa Mau Mau msituni. Magitaa humo ni machache na ngoma nyingi zimetengenezwa kwa kompyuta, hivyo mwenye mipaka mikali anaweza kuiacha nje. Mimi naiingiza, kwa sababu uzito wake unatoka kwenye koo la mtu na kwenye historia anayoibeba. Ukiiacha, eleza sababu. Botswana nako kuna Overthrust, Wrust na Skinflint, bendi ambazo matoleo yao hayaji kila mwaka, kwa hiyo zifuatilie ili zikitoa kitu usipitwe.

Kupanga na kuandika

Mwishoni mwa Novemba, toa katika daftari albamu zote ulizozisikiliza mara nne au zaidi kwa hiari yako. Mara nyingi zitakuwa kati ya ishirini na thelathini. Zishindanishe mbili mbili kwa swali moja: kama ningeruhusiwa kubaki na moja kati ya hizi mwaka ujao, ningebaki na ipi? Swali hilo huondoa albamu unazoziheshimu bila kuzipenda, ambazo ndizo zinazojaza orodha nyingi. Panga kumi, taja tano nyingine bila kuzipanga, na uziache wiki mbili. Ukirudi, nafasi ya kwanza na ya pili hazitakuwa zimebadilika sana. Vurugu huwa kati ya sita na kumi, na hapo usijitese, kwa kuwa tofauti ni ndogo kweli.

Ukiwa na marafiki, kutaneni Jumamosi moja sebuleni kwa mtu, kila mmoja alete albamu moja, na isiongelewe hadi imalizike. Utashangaa jinsi albamu inavyobadilika ukiisikiliza mbele ya mtu usiyeweza kumdanganya.

Kwa kila albamu andika aya moja yenye vitu vitatu: nani na kutoka wapi, pahala pamoja ndani ya albamu unapoweza kupaonyesha kwa kidole, na sababu ya kuiweka hapo ilipo. Sentensi kama “hii ni kali sana, usikose” haimsaidii mtu. Linganisha na hii: “High on Fire wa Oakland, katika Cometh the Storm ya Aprili 2024, wanapiga kwa kasi ya farasi wa vita, kisha katikati ya albamu wanaingiza ala za nyuzi zenye ladha ya Kituruki, na kasi inayorudi baada ya hapo inaonekana mara mbili ya ile ya awali.” Msomaji wa sentensi hiyo anajua aende akasikilize nini.

Chapisha orodha wiki ya kwanza ya Januari, ili albamu za Desemba zipate haki yao. Kabla ya kuichapisha, hakiki tahajia ya kila jina, mwaka na lebo, weka mahali pa kununulia kila albamu, na mwisho wa orodha taja vifaa ulivyosikilizia, kwa kuwa msomaji mwenye sabufa na msomaji mwenye hedifoni watasikia albamu mbili tofauti na wana haki ya kujua wewe ulisikia ipi.